Kabla ya kuilaumu hewa: matatizo ya mashindano ya VHF ukiwa Tanga

Wikiendi kamili ya kwanza ya Septemba, kila mwaka, Kanda ya Kwanza ya IARU, umoja wa kimataifa wa vyama vya redio za ridhaa, huendesha mashindano kwenye masafa ya VHF ya megahezi 144 hadi 146. Kanda hiyo ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na kaskazini ya Asia, kwa hiyo sisi wa Tanzania tumo. Yanaanza saa 14:00 UTC, yaani saa ya kimataifa, Jumamosi na kwisha saa hiyohiyo Jumapili. Kuyaeleza ni rahisi: unamwita mtu, mnapeana ripoti ya usikivu, namba ya mfululizo kuanzia 001, na lokata, yaani msimbo wa mahali ulipo, wenye herufi na tarakimu sita kwa jumla. Kila kilomita kati yenu ni pointi moja.

Mimi hucheza kutoka upande wa Raskazone, bahari ikiwa mbele yangu na kelele za mji mgongoni. Hapa nimepanga dalili kwa jinsi zinavyotupata sisi, na redio zetu za mkono wa pili na betri za sola. Mambo yakienda vibaya huwa tunasema "hewa mbaya leo", tunafunga vitu, tunakwenda kunywa kahawa. Asubuhi ukikunjua kebo unakuta ni konekta. Au betri. Au saa. Ndiyo maana hewa nimeiweka mbali huko chini.

Husikii mtu hata mmoja

Tazama saa kwanza. Sitanii. Mwenzetu mmoja wa Ngamiani alisoma "1400" akasema, hiyo ni saa nane mchana. Akaja na antena ameifunga kwenye baiskeli, mabomba yanagonga njia nzima, akasimamisha mlingoti peke yake juani, akaita mpaka koo likakauka. Saa kumi akakata tamaa, akafungasha. Mashindano yakafunguliwa saa kumi na moja jioni, yeye yuko nyumbani kalala.

Sisi tuna saa tatu kichwani kwa wakati mmoja: ya Kiswahili, ya simu na ya UTC. Njia ya mkato ni hii: chukua saa ya UTC, toa tatu, umepata saa ya Kiswahili. 14 toa 3 ni 11, yaani saa kumi na moja jioni. 06 toa 3 ni saa tatu asubuhi. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: 17 inakuwa 14, inakuwa saa mbili usiku. Ikiwa chini ya sifuri, ongeza kumi na mbili: saa 00 UTC ni saa tisa usiku. Hiyo ya mwisho ikumbuke, itarudi kutusumbua kwenye logi.

Saa ikiwa sawa, angalia redio iko kwenye hali gani. Washindani wengi huongea kwa SSB, namna ya kurusha sauti iliyo tofauti na FM, kuzunguka 144.300. Redio nyingi tulizonazo huku ni za FM tupu, zile za gari au za mkononi, na kwa redio ya FM sauti ya SSB ni mkoromo usio na maneno, au kimya kabisa kama umefunga skwelchi, ile inayozima mkoromo. Kama una FM tu, kaa 145.500, masafa ya kuitana, ukipata mtu mhamie pembeni. FM inaruhusiwa. Kisichohesabiwa ni mawasiliano yaliyopitia repita, kituo kinachopokea sauti yako na kuirusha upya. Na hapo kuna mtego: redio iliyotoka kutumika na repita huwa imebaki na toni na ule mruko wa kilohezi 600. Toni ya kupokea ikiwa imewashwa, redio haitafungua sauti mpaka yule wa pili atume toni hiyohiyo. Mruko ukiwa umewashwa, unasikiliza hapa unaongea kule. Vizime vyote viwili.

Halafu antena. Wa SSB huilaza, vyuma vyake sambamba na ardhi. Wa FM huisimamisha. Yako ikiwa imesimama na ya mwenzako imelala, mnapoteza desibeli 20 hivi, yaani inabaki sehemu moja ya mia ya nguvu. Mtu wa Pemba ambaye ungemsikia kama yuko sebuleni anakuwa mnong'ono. Kuigeuza Yagi, antena ya vyuma kadhaa inayolenga upande mmoja, robo mzunguko ni kazi ya spana moja.

Na huenda kweli hakuna mtu. Ukanda wetu una wachezaji wachache, huwezi kutupa ndoano popote ukategemea samaki. Panga miadi mapema na watu wa Mombasa, Unguja, Pemba na Dar es Salaam: saa ngapi, masafa gani. Miadi kwa simu haina ubaya, ila ripoti, namba na lokata lazima zipite hewani. Kisha elekeza antena kwa hesabu, usifuate barabara. Kutoka Tanga, Mombasa iko nyuzi 30 hivi mashariki ya kaskazini, kilomita 130 kwa mstari ulionyooka. Wete iko mashariki kabisa, kama kilomita 70. Mji wa Zanzibar na Dar es Salaam ziko upande mmoja, kusini karibu nyuzi 175, moja kilomita 120, nyingine 190. Ukitazama huko umewapata wote wawili bila kugusa mlingoti.

Unawasikia, wao hawakusikii

Hii ndiyo inayokula muda wetu mwingi, na mimi nianze na umeme kabla ya antena.

Redio ya wati 50 huvuta ampea 10 hivi unapobonyeza maiki. Ukiwa na waya wa milimita 1.5, ule wa taa za ndani, na betri iko mita tano kutoka redio, umeme unasafiri mita kumi kwenda na kurudi. Unapotea njiani zaidi ya volti 1. Betri yenye volti 12.4 inafikisha kama 11.2, na redio nyingi zimetengenezwa kwa 13.8, zinavumilia mpaka 11.7 hivi. Chini ya hapo wati zinaporomoka, sauti inapasuka, au redio inajizima kila ukiongea na kuwaka ukiachia. Watu husema redio mbovu. Redio nzima.

Ipime hivi: vidole vya mita viwe kwenye plagi ya redio, usipime betri. Mwenzako abonyeze maiki huku wewe unasoma. Ukisoma betri ikiwa imepumzika utapata namba nzuri isiyokusaidia kitu. Namba ikishuka sana, sogeza betri karibu, tumia waya mnene wa milimita 4 au 6, na kagua fyuzi. Vishikio vya fyuzi huku pwani hushika kutu ndani na kupata moto. Kishike kwa mkono baada ya dakika kumi za kuongea. Kikiwa cha moto, mla umeme umempata.

Umeme ukiwa mzuri, fuata kebo. Hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ndipo tunapodanganyika.

Kebo nyembamba ya RG-58, tunayoipenda kwa bei yake, kwenye masafa haya hupoteza karibu desibeli 20 kwa kila mita 100. Mita 20 tu, kutoka mezani hadi juu ya mlingoti, ni desibeli 4. Umetuma wati 50, zimefika 20. Na hasara hiyo ni ya kwenda na kurudi: sauti dhaifu inayoshuka kutoka antena nayo inakatwa vilevile. RG-213, ile nene, kwa urefu huohuo inapoteza chini ya desibeli 2 na kukufikishia wati 34 hivi. Ukishindwa bei, kebo ya dishi iliyo nzuri, ingawa ni ya omu 75, inapoteza kidogo kuliko RG-58. SWR yako, yaani kipimo cha nguvu inayorudi redioni (1 ndiyo safi kabisa), inaweza kugusa 1.5 kwa kutolingana huko, wala si jambo la kukukosesha usingizi. Ila ikague kabla ya kununua, uone wavu wa ndani kama ni shaba. Ule wa alumini haushiki risasi ya kulehemu, na hewa ya chumvi inautafuna haraka.

SWR inasoma vizuri, lakini hakuna mawasiliano

Mwaka mmoja tulisimamisha Yagi ya vyuma vitano, mita ikasoma 1.3. Tukapongezana. Usiku kucha tukapata watu wawili, wote wa humuhumu mjini. Mtu wa Mombasa, tuliyepanga naye miadi, akatuma ujumbe: "Shekhe, mbona hamsikiki kabisa?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba SWR iko sawa, atazame kwake.

Asubuhi nilifungua konekta ya juu, PL-259. Kofia yake ilikuwa imeshika, nikaizungusha kwa koleo. Ndani kulikuwa na unga wa kijani kama ukungu wa mkate. Nikakata ganda la kebo: wavu wa shaba uliotakiwa kuwa mwekundu ulikuwa mweusi kama masizi, na una unyevu. Nikakata sentimita thelathini, bado mweusi. Mita moja, bado. Maji yaliingia juu kwenye konekta, yakafyonzwa na wavu kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa, yakashuka. Kebo yote tuliitupa.

Sasa SWR ilitoka wapi? Mita iko mezani. Inapima nguvu inayokwenda na ile inayorudi. Kebo mbovu inaimeza nguvu ikienda, na ile kidogo inayorudishwa na antena inaimeza tena ikirudi. Mita haioni kinachorudi, inasema mambo safi. Hesabu yake iko wazi. Mita 20 za RG-58 nzima, bila antena yoyote upande wa juu, husoma SWR kama 2.3. Yaani antena ikianguka kabisa na konekta ikaning'inia hewani, mita yako bado inasema "si mbaya sana". RG-213 ya urefu huo ikiwa wazi husoma zaidi ya 5.

Hapo umepata kipimo cha bure. Fungua konekta ya juu, acha ikiwa wazi, weka nguvu ya chini kabisa, bonyeza sekunde mbili tu, soma. Kebo nene ikisoma 2 na haina kitu juu, imekwisha. Kama kuna mtu ana analaiza ya antena, bora zaidi, maana haihitaji kurusha nguvu. Mwenye lodi ya omu 50, ile inayomeza nguvu badala ya antena, na mita ya wati apime wati chini, kisha apande apime juu. Tofauti ndiyo hasara.

PL-259 haikutengenezwa kuzuia maji, na chumvi ya Tanga haina huruma. Sisi tunafunga hivi: tepu nyeusi safu moja, kisha utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukivutwa mpaka ukonde, kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uufunike uliopita kama vigae. Juu yake tepu nyeusi tena, kwa sababu jua linaupasua mpira. Kebo nayo iachie tumbo kabla haijaingia dirishani, ishuke kisha ipande, maji yadondoke hapo. Wenye ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe wanatumia hiyo, lakini tyubu ipo kila kona ya mji huu.

Kelele zimejaa, mita ya S (ya nguvu ya kinachoingia redioni) haishuki

Zima meni swichi ya nyumba yako yote, redio ibaki kwenye betri. Kelele ikikatika, mwenye kosa yuko ndani. Washa kimoja kimoja. Kwa uzoefu wangu watuhumiwa ni balbu za LED za bei poa, chaja nyepesi za simu, na kontrola ya sola. Huyu wa mwisho anafanya kazi mchana tu, kwa hiyo kelele inayoanza jua likipanda na kufa magharibi usiitafute kwingine. Chomoa paneli wakati wa mashindano, betri iliyojaa itakuvusha.

Kelele ikibaki baada ya kuzima kwako, iko nje. Geuza Yagi polepole mzunguko mzima uone inapanda upande gani. Mngurumo mzito usiokatika, unaoongezeka siku za upepo mkavu, mara nyingi ni nguzo ya umeme: vikombe vimepakwa chumvi ya bahari na cheche ndogo zinapita juu yake. Mvua kubwa ikivisafisha, kelele inapungua siku kadhaa. Huwezi kuviosha wewe. Andika namba ya nguzo, ripoti, na usiku huo sogeza antena ili nguzo iwe ubavuni mwake, maana Yagi ubavuni ni kiziwi.

Ta-ta-ta-ta inayokuja na kuondoka ni bodaboda. Subiri apite.

Kelele ya jirani inahitaji adabu zaidi ya ufundi. Usiende kumwambia mtu taa zake mbovu. Mimi nilikwenda kwa bibi wa nyumba ya nyuma na balbu mbili mpya mkononi. "Shikamoo bibi, nimekuletea zawadi ya taa." "Marahaba mwanangu, kuna nini?" Nikamweleza ukweli, tukabadilisha balbu ya barazani, kelele ikashuka. Tangu siku hiyo ananiuliza kama "wale watu wako wa Pemba" wamepatikana.

Redio ya mkononi inakuwa kiziwi ukiiunga na antena kubwa

Vile vidogo vya bei nafuu mlango wake wa mbele uko wazi mno. Antena yake fupi inamtosha. Ukimpa Yagi juu ya mlingoti, minara ya FM na ya simu inamwingia yote kwa pamoja, anafurika, hasikii tena. Jaribu kugeuza antena mbali na mji. Isiposaidia, azima redio ya gari.

Mtu uliyemsikia magharibi kapotea usiku, na hujagusa kitu

Tanga ni mji wa katani, na kwa heshima ya mji tulifunga mlingoti wetu wa bomba kwa kamba za katani, pande tatu. Saa mbili usiku Pemba ilikuwa inaingia vizuri. Saa nane usiku imefifia. Tukasema hewa. Kulipopambazuka nikatazama juu nikaona antena imegeukia Muheza.

Katani ikilowa inavimba na kufupika, ikikauka inalegea. Umande wa usiku uliikaza kamba ya upande wa bahari kuliko zile zilizokuwa chini ya mwembe, bomba likajisokota taratibu ndani ya kishikio chake. Kwa hiyo: tumia kamba za nailoni, au weka alama ya rangi kwenye bomba na kwenye kishikio ili kwa tochi uone kama limehama. Na funga skrubu ya kishikio kwa spana, vidole havitoshi.

Sauti inapanda na kushuka, au watu wa mbali wanatokea ghafla

Sasa hewa. Ukiwa umepitia yote ya juu, una haki ya kuizungumzia.

Antena iliyo mita 10 juu ya ardhi ina upeo wa macho wa redio wa kilomita 13 tu. Wawili mkiwa na mita 10 kila mmoja, ni 26. Pemba iko 70. Zilizobaki mnavushwa na kupinda na kutawanyika kwa mawimbi angani, na ndiyo maana sauti haitulii. Tuliopo pwani tuna bahati ya bahari: jioni tulivu, hewa ya joto na kavu ikilala juu ya hewa ya baridi yenye unyevu, panafanyika kama mfereji, wimbi linateleza ndani yake mamia ya kilomita. Upepo mkali unauvuruga mfereji huo. Kusi likivuma kwa nguvu usitegemee mengi. Yakifika maleleji na bahari ikalala kama mafuta, kaa kwenye redio kuanzia magharibi. Wavuvi wa Sahare watakuambia hali ya upepo wa kesho kwa uhakika kuliko simu yako.

Kipimo changu ni redio ya kawaida ya FM. Nazunguka kwenye 88 hadi 108 jioni. Nikikuta stesheni ambazo siku zote hazifiki, au mbili zinapigana sehemu moja, naacha chai napanda kwenye kiti cha redio.

Ukisikia mtu akipanda na kushuka polepole, dakika moja yuko, moja hayuko, usiongeze maneno. Subiri apande, tupa ripoti, namba na lokata kwa pumzi moja, maliza. Wanaoanza kusalimiana "habari za huko, hali ya hewa vipi" ndio wanaompoteza mtu katikati ya lokata.

Dawa ya kudumu ya upeo ni kupanda. Amani, kule Usambara Mashariki, iko kama mita 900 juu ya bahari, na kutoka urefu huo upeo wa redio unafika kilomita 123 hivi. Pwani ya Pemba yenyewe iko humo. Shida ni nauli, ukungu, na kwamba mlimani unasikia kila mtu na kila kelele ya bondeni. Mimi bado ni mtu wa bahari, lakini wanaopanda wananipita pointi.

Wanakujibu, lakini wanarudisha namba au lokata isiyo yako

Tarakimu za Kiswahili hazikuundwa kwa ajili ya kelele. "Nne" inatoka puani, ni fupi, inazama yote. "Tatu" na "tano" zinaanza sawa. "Sita" na "saba" vilevile. Nilishampa mtu wa Unguja namba 034 mara tano na kila mara akarudisha 035. Tarakimu za Kiingereza, moja moja, zinapita vizuri zaidi, na herufi kwa alfabeti ya kimataifa: Kilo, India, November, Whiskey. Mkiwa Waswahili watupu na mawimbi ni mazuri, ongeeni mnavyotaka. Yakififia, rudini kwenye hiyo.

Lokata ya Tanga mjini ni KI94nw. Mfumo huo unaitwa Maidenhead, jina la mji wa Uingereza walikokutana waliouafiki mwaka 1980, na unaigawa dunia kwa vipande vya latitudo na longitudo. Kwetu kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, mstari wa nyuzi 5 kusini unapita chini ya kilomita kumi kaskazini ya mji. Ukihamia ng'ambo yake na antena yako, kwa njia ya Horohoro, umeshaingia KI95, na lokata ya mjini haikufai tena. Sehemu kubwa ya Pemba nayo, ingawa iko ng'ambo ya bahari, ni KI94 kama sisi. Usimsahihishe mtu wa Wete akikwambia hivyo.

La pili limenikuta mimi. Niliingiza 5.07 kwenye programu ya simu bila alama ya kutoa mbele yake. Programu ikanipa KJ95nb, nikaiandika kwenye karatasi, nikaanza kuigawa. Watu watatu waliipokea bila kuuliza. Wa nne akanyamaza kidogo, akasema, "Ami, uko Ethiopia?" Nyuzi 5 kaskazini, kwa longitudo yetu, ni kusini mwa Ethiopia, kilomita 1,100 na zaidi kutoka nilipokuwa nimekaa. Ikabidi niwatafute wale watatu mmoja mmoja niwarekebishie. Mmoja sikumpata.

Logi imerudi na mawasiliano yamefutwa

Logi, yaani orodha ya mawasiliano yako, hukaguliwa dhidi ya logi za wenzako. Herufi moja ya kitambulisho ikitofautiana, 5H ya Tanzania ikaandikwa 5Z ya Kenya, au tarakimu moja ya namba au ya lokata, mawasiliano hayo yanaanguka. Usisahihishe kwa kukisia baada ya mashindano. Kama hukusikia vizuri, uliza hapohapo.

Lakini wetu wengi wanaangukia kwenye saa. Programu ya logi kwenye kompyuta ikisoma saa ya Tanzania badala ya UTC, kila mstari uko mbele saa tatu na mawasiliano ya mwisho yanaonekana yamefanyika mashindano yakiwa yamefungwa. Hiyo ni rahisi kuiona, na unaihamisha logi yote kwa mkupuo mmoja kabla ya kuituma. Mbaya ni ya wanaoandika kwa mkono. Wanaandika saa ya UTC sawasawa, ila tarehe wanaigeuza kwetu ikiingia usiku wa manane, saa sita. Kwa UTC muda huo bado ni saa 21:00 ya Jumamosi. Tarehe inageuka saa tisa usiku, wakati ambao mshika kalamu ama kalala juu ya daftari ama anapasha uji. Yote mliyopata kati ya saa sita na saa tisa yanakuwa na tarehe ya Jumapili saa 21 au 22 au 23, yaani muda ambao bado haujafika.

Siku hizi kwenye daftari letu napiga mstari mwekundu mapema, Jumamosi jioni, na pembeni yake naandika: "Saa tisa. Hapa ndipo Jumapili." Anayekuwa zamu anaendelea kujaza juu ya mstari mpaka simu yake ilie.